Gereza la Kilwa Kisiwani: ni ngome ya Wareno, ya Waomani, au nyumba ya Wakilwa iliyotekwa?

Mchu wa Kigamboni (#1)

Salaam wakuu. Kila uzi wa Kilwa ukifunguliwa humu, lile jengo refu la ufukweni, Gereza, linaitwa "ngome ya Wareno" na mjadala unaishia hapo. Nasema jina hilo ni kosa, na ningependa tulipime kwa vitu vinavyoshikika: tarehe, mawe na chokaa.

Merikebu za Mreno Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa katika wiki ya nne ya Julai 1505. Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, akakimbia, mji ukaporwa, Muhammad Ankoni akakalishwa kwenye kiti chake, na ngome waliyoiita Santiago ikaachwa mikononi mwa Pedro Ferreira Fogaça. Tarehe 13 Agosti merikebu hizo zilikuwa mbele ya Mombasa. Mwaka 1512 Wareno wakaihama Kilwa. Jumla ni miaka saba.

Jengo analoliona mtu leo akivuka kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo ya bara, zile kuta ndefu na minara ya duara, ni kazi ya zama za Waomani, takriban 1800. Katikati hapo kuna karibu miaka 300. Kwa nini jina libaki kwa mvamizi aliyekaa miaka saba?

Bint Mgulani (#2)

Mkuu, hoja yako ni nzuri ila umeikata mapema. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyeonyesha kwamba Gereza limemeza ndani yake mabaki ya kazi ya 1505. Waomani hawakuanzia kwenye mchanga mtupu. Kwa hiyo "ngome ya Wareno" ni jina pungufu, lakini halikutoka hewani.

Kobwe (#3)

Nasubiri waashi waje.

Fundi Mwiko (#4)

Nimefika. Tuanze na chokaa, maana chokaa haidanganyi tarehe.

Chokaa ya pwani inachomwa hivi. Magogo yanapangwa kwa duara, vichwa vikielekea katikati, kipenyo mita nne mpaka sita, kimo kati ya kiuno na bega. Katikati linaachwa tundu. Juu ya magogo yanapangwa mawe ya matumbawe ya ukubwa wa ngumi, siyo makubwa zaidi, kwa sababu jiwe kubwa linaiva nje na kiini kinabaki jiwe. Moto unawashiwa kwenye tundu la kati ili uenee kutoka ndani kwenda nje. Joto lazima lifike kama nyuzi 900, na kuni mbichi hazikufikishi huko. Rundo linaungua usiku kucha, kisha linaachwa siku kadhaa lipoe.

Hapo ndiyo kwanza una chokaa ya moto. Inabaki kuizima kwa maji, au kuiachia umande na mvua. Mafundi wa zamani walikuwa wakiiacha miezi kadhaa kabla ya kuitia ukutani. Ukiharakisha, punje ambazo hazijazimika zinaingia na udongo wa kujengea, baadaye zinanywa unyevu, zinavimba na kufyatua lipu vipande vya ukubwa wa shilingi.

Na hata ukishajenga, chokaa inakaza kwa kunywa hewa, pole pole, kuanzia usoni kwenda ndani. Ukuta wa nusu mita unahitaji miaka mpaka moyo wake ukaze.

Sasa chukua tarehe za #1. Tangu kutia nanga Kilwa mpaka kuonekana Mombasa hazifiki wiki nne, na humo toa siku za vita, za kupora mji na za safari. Nani amechoma, amezima, amengoja na amejenga ngome ya mawe katika muda huo? Jibu langu: hakuna. Waliteka nyumba ya mawe ya Mkilwa iliyokuwa tayari karibu na maji, wakaiongezea kuta. Ngome ya Santiago kwa asili ni nyumba ya Kiswahili.

Bint Mgulani (#5)

Hiyo inaafikiana na taarifa za Wareno wenyewe. Walichagua nyumba imara karibu na maji, wakabomoa nyumba za jirani ili wapate nafasi ya kupiga mizinga na mawe ya kujengea. Ila "ni nyumba ya Kiswahili" na "ni ngome ya Wareno" ni maneno mawili yanayoweza kuwa kweli kwa pamoja. Nyumba ikitobolewa matundu ya mizinga, ikazungushiwa ukuta na kuwekewa askari, imeshakuwa kitu kingine.

Nahodha Mstaafu (#6)

Mwiko, hapo kwenye "hakuna" umeteleza. Mwaka 1482 Diogo de Azambuja alijenga ngome ya São Jorge da Mina, Ghana ya leo, kwa wiki chache. Siri yake ilikuwa kwamba mawe yalichongwa Ureno, yakapakiwa merikebuni pamoja na mbao na waashi. Kufika ikawa kazi ya kupanga. Wareno walijua kujenga haraka miaka 23 kabla ya Kilwa.

Fundi Mwiko (#7)

Asante Nahodha, pointi ya Mina naikubali. Lakini ona tofauti: kama mawe ya Kilwa yangekuwa yameletwa yamechongwa, kusingekuwa na haja ya kubomoa nyumba za watu kwa ajili ya mawe, kama alivyoeleza #5. Na jiwe la Ureno lisingejificha katika kisiwa kizima cha matumbawe. Lingeonekana kwa rangi na kwa uzito.

Nalegeza upande mmoja. Chokaa ya moto inaweza kuchanganywa na mchanga na kutumika papo hapo ikiwa bado inachemka. Inashika haraka ila ni ya hatari kwa macho na mikono, na ukuta wake unapasuka nyufa nyingi. Tena Kilwa ulikuwa mji wa ujenzi, hivyo mashimo ya chokaa iliyokwisha kuzimwa hayakosekani. Wangeweza kuipora chokaa kama walivyopora nyumba.

Kobwe (#8)

Kwa hiyo mawe ya Wakilwa, chokaa ya Wakilwa, nyumba ya Wakilwa. Mreno kaleta nini? 😀

Nahodha Mstaafu (#9)

Mizinga na amri, Kobwe. Ndivyo zinavyojengwa ngome nyingi za watekaji.

Mwalimu Sauti (#10)

Nitoke kidogo nje ya mawe nije kwenye neno. "Gereza" limetoka kwenye Kireno *igreja*, maana yake kanisa. Irabu ya mwanzo imedondoka, "gr" imepasuliwa kwa irabu kwa kuwa Kiswahili cha zamani hakikupenda konsonanti mbili zibanane, na sauti ya "j" ya Kireno ikawa "z". Ni kanuni hiyohiyo iliyofanya *fronha* kuwa foronya. Weka pamoja na meza, bendera, leso na mvinyo, unapata rafu nzima ya maneno tuliyobaki nayo baada ya Wareno kuondoka.

Swali linalonikosesha usingizi ni hili: kanisa lilifikaje kuwa ngome, na ngome ikafikaje kuwa kifungo?

Mchu wa Kigamboni (#11)

Maelezo ya kawaida ni kwamba kila ngome ya Wareno ilikuwa na kanisa ndani, watu wa nje wakasikia Wareno wakilitaja, wakadhani ni jina la jengo zima.

Bi Ngazija (#12)

Naona Unguja inaeleza vizuri zaidi. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani baada ya kumfukuza Mreno mwishoni mwa karne ya 17, na mahali ilipokaa palikuwa na kanisa la Wareno. Watu waliendelea kupaita pale kwa jina la zamani, kanisa, huku jengo limeshakuwa ngome. Jina lilikuwa la mahali, likahamia kwenye jengo, likaenea pwani nzima.

Mwalimu Sauti (#13)

Yote mawili yanaingia akilini, Bi Ngazija. Tatizo la Unguja ni kueleza kwa nini na Kilwa wakasema gereza. Inabidi neno lisafiri kutoka Unguja na wale Waomani walewale waliojenga Kilwa takriban 1800, jambo linalowezekana kabisa. Na hapo uzi unageuka: kama jina lilikuja na Waomani, basi jina "Gereza" halithibitishi Wareno hata kidogo, ingawa neno lenyewe ni la Kireno.

Kuhusu kifungo: ngome ndizo zilizokuwa na kuta nene na mlango mmoja, watawala wakawaweka wafungwa humo. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Ngome ya Lamu ilikuwa jela mpaka 1984. Lakini maana ya kifungo ni ya zamani kuliko Waingereza, kwa sababu orodha za maneno ya Kiunguja za karne ya 19 tayari zinatoa maana zote mbili, ngome na kifungo.

Mzaramo Halisi (#14)

Nimesoma juu hadi chini. Mnasahau Mjerumani. Wajerumani ndio waliolifanya hilo jengo la Kilwa kuwa jela na kuwanyonga watu wa Maji Maji pale. Ndiyo maana likaitwa gereza.

Mchu wa Kigamboni (#15)

Hapana mkuu, hapo umechanganya Kilwa mbili. Makao ya Wajerumani katika wilaya ile yalikuwa Kilwa Kivinje, bara, kaskazini ya Masoko. Boma lao liko huko, na mwembe wa kunyongea, Mwembe Kinyonga, uko huko. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Kisiwani wakati huo ulikuwa umeshabaki mji mdogo wa wavuvi. Sultani wake wa mwisho alipelekwa Maskati mwaka 1843 na biashara ikahamia Kivinje.

Mzaramo Halisi (#16)

Nimepokea, asante. Kivinje na Kisiwani nilikuwa naziweka kapu moja.

Nahodha Mstaafu (#17)

Turudi kwenye minara. Nadhani minara ndiyo ushahidi mkubwa kwamba jengo ni la Muomani. Mreno akijenga ngome anaweka pembe zenye ncha, siyo duara. Angalia Fort Jesus ya 1593 hadi 1596, aliyoichora Giovanni Battista Cairati: pembe zake zimechongoka ili askari wa pembe moja aweze kupiga risasi kusafisha uso wa pembe ya pili. Mnara wa duara una sehemu mbele yake ambayo hakuna anayeiona kutoka upande wowote, adui akifika hapo anachimba ukuta kwa raha zake. Muomani aliridhika na duara kwa sababu adui wake mara nyingi alikuja na bunduki, siyo na mizinga mizito.

Bint Mgulani (#18)

Nahodha, hoja hiyo inafaa 1593 na haifai 1505. Ngome za pembe zenye ncha ni ufundi wa Italia ulioenea katika karne ya 16. Mwaka 1505 Wareno bado walikuwa wakijenga minara ya kizamani, ya duara na ya mraba. Mnara wa Belém kule Lisbon, uliojengwa kati ya 1514 na 1519, bado ni mnara wa kusimama wima, una ngome ya chini ya mizinga iliyoongezwa mbele. Kwa hiyo mnara wa duara wa Kilwa unaweza kuwa wa 1505 na unaweza kuwa wa 1800. Umbo peke yake halitoshi.

Nahodha Mstaafu (#19)

Umenishika. Naondoa "ushahidi mkubwa", naacha "dalili".

Mtoto wa Masoko (#20)

Wakuu, kabla hamjagawana jengo kati ya Mreno na Muomani, kumbukeni kisiwa hichohicho kina Husuni Ndogo. Neno husuni ni la Kiarabu, maana yake ngome. Husuni Kubwa ni kasri la al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, limekaa juu ya genge linaloangalia bahari. Jirani yake ni Husuni Ndogo, uwanja mkubwa wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene wenye vitu kama minara iliyochomoza kila baada ya umbali fulani. Wengine wanasema ni kambi ya askari, wengine ghala la wafanyabiashara, wengine msikiti ambao haukumalizika. Lolote liwalo, mafundi wa Kilwa walijua kujenga ukuta wenye minara miaka 150 na zaidi kabla ya Almeida.

Fundi Mwiko (#21)

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Asante sana Mtoto wa Masoko.

Kaskazi (#22)

Kuna mhusika wa nne hajatajwa: Mfaransa. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara wa watumwa, wa kumpatia watu 1,000 kila mwaka kwa piasta (sarafu za fedha) 20 kila mmoja. Watu hao walikuwa wakipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion. Morice aliishawishi pia serikali yake iweke kituo Kilwa.

Maskati ilipoona utajiri huo unapita kando yake, ikaichukua Kilwa katika miaka ya 1780. Ukishika bandari yenye biashara hiyo, unahitaji liwali, askari wake, mahali pa kutoza ushuru na mahali pa kuweka fedha. Gereza la takriban 1800 linajibu mahitaji hayo moja kwa moja. Kwangu, anayetaka kujua jengo lile ni la nini atazame 1776 kabla ya 1505. Chini ya ukuta ule walipita watu wengi waliouzwa, na wasafiri wengi wanaambiwa habari za Vasco da Gama tu.

Mchu wa Kigamboni (#23)

Hii sijawahi kuisikia ikielezwa hivi. Nzito. Na hata Vasco da Gama mwenyewe hakuja Kilwa kama mgeni: mwaka 1502 aliulazimisha mji utoe kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ndiyo iliyofuliwa kuwa chombo cha kanisa kinachoitwa Custódia de Belém, 1506, kiko Lisbon mpaka leo.

Kobwe (#24)

Swali la mtu asiye fundi: mtu akisimama mbele ya ukuta wa mawe, anatambuaje upi wa zamani na upi wa juzi? Yote si mawe?

Fundi Mwiko (#25)

Swali zuri, na wa Dar hahitaji kusubiri safari ya Kilwa. Nenda Boma la Kale, kona ya Sokoine na Morogoro, jengo la Sultani Majid la 1866 na 1867. Ni ufundi uleule wa matumbawe na chokaa.

Cha kwanza tafuta mshono. Ukuta uliojengwa kwa wakati mmoja mawe yake kwenye kona yanaingiliana, moja linalala kulia, la juu yake linalala kushoto, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatwa. Ukuta ulioongezwa baadaye unaegemea tu ule wa kwanza, na utaona mstari wima kutoka chini mpaka juu. Ukipitisha kisu chembamba kinazama. Anayeegemea ndiye mdogo, anayeegemewa ndiye mkubwa. Lipu inaficha mshono, kwa hiyo tafuta mahali ilipobanduka.

Kisha angalia jiwe lenyewe. Kuta zinajengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, yenye umbo la ovyo. Fremu za milango na vibla vya misikiti zinachongwa kwa matumbawe laini yanayokatwa baharini yakiwa mabichi, yanachongeka kama muhogo kisha yanakauka na kuwa magumu. Ukikuta kipande cha tumbawe laini lililochongwa vizuri kimetupwa katikati ya ukuta wa kawaida, uso wake wa nakshi umegeuziwa ndani, ujue hilo jiwe limetoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa. Kwa mjadala huu ndicho kitu cha kutafuta Gereza.

Mwisho pima upana wa vyumba. Dari la chokaa linakaa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki mita tatu. Ndiyo maana nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu vyembamba. Chumba kipana kuliko hapo bila nguzo wala tao katikati kinahitaji maelezo.

Bint Mgulani (#26)

Naongeza kwa upande wa wachimbaji. Ukuta unajua umri wake kwa kilicho chini yake. Unachimba mtaro kando ya ukuta, unatafuta sakafu iliyogusana nao, kisha unasoma vigae na sarafu zilizofunikwa na sakafu hiyo. Kinachoamua ni kitu *kipya* kuliko vyote chini ya sakafu. Ukipata vigae mia vya karne ya 14 na kimoja cha karne ya 18, sakafu ni ya karne ya 18 au baadaye. Makosa yanatokea pale panya na mizizi ya miti inaposhusha kigae kipya chini, na pale mchimbaji anapookota vya juu na vya chini ndani ya karai moja. Vitu vingi vya Kilwa viko Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Anayebishana humu apite aone vigae vya Kichina kwa macho yake.

Mzaramo Halisi (#27)

Boma la Kale nalo ni ngome? Mbona linaitwa boma?

Mwalimu Sauti (#28)

Boma kwa asili ni uzio, wa miti au wa miiba. Wajerumani wakalichukua kuita kituo chochote cha serikali, ndiyo maana mpaka leo mtu wa wilayani anasema "naenda bomani". Boma la Kale lilijengwa kuwa nyumba ya wageni wa Sultani. Ngome ya kweli iliyo karibu nasi ni ya Bagamoyo, ya takriban 1860, iliyoanzwa na Abdallah Marhabi kama nyumba yake, ikapita kwa Sultani Barghash, kwa jeshi la Wajerumani, ikawa jela, ikawa kituo cha polisi mpaka 1974. Nayo imeanza kama nyumba! Mwiko atafurahi.

Fundi Mwiko (#29)

Nimefurahi kweli.

Sasa niseme linaloniuma. Majengo haya yanauawa na saruji. Ukipiga lipu ya saruji juu ya tumbawe, unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea. Unabeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, na siku lipu inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo ikivutana nalo, linalovunjika ni jiwe la miaka 200, siyo lipu ya juzi.

Kipimo cha kutengeneza ni karai moja ya chokaa iliyozimwa kwa karai tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi na hata ukiusuuza hauaminiki. Ukuta uloweshwe tangu jana yake, vinginevyo unanyonya maji ya lipu na lipu inabaki unga. Kila mkono wa lipu usizidi unene wa sentimita moja, na mkono wa pili usubiri wa kwanza ukaze. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima, usiache jua la saa saba lilipige.

Mkuyu ukiota ukutani usiung'oe kwa kuvuta. Mzizi ndio unaoshika mawe kwa sasa, ukiuvuta unaondoka na ukuta. Kata shina, acha mzizi ufe, ukishaoza jaza tundu kwa chokaa na vipande vya mawe.

Mtoto wa Masoko (#30)

Yote hayo sawa, lakini adui mkuu wa Gereza ni bahari. Upande wa maji umeshaliwa, sehemu ya ukuta ilianguka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014 baada ya matengenezo. Sababu kubwa ya bahari kuula ukuta ni kukatwa kwa mikoko iliyokuwa inavunja mawimbi.

Kaskazi (#31)

Mikoko ni sehemu tu ya sababu. Ukuta wima ulioko ufukweni wenyewe unaharakisha mmomonyoko: wimbi likiupiga halitulii, linarudi chini na kuchimba mchanga wa miguuni mwake. Fukwe yenye mteremko ingelichosha. Tena mkondo wa mlango ule kati ya kisiwa na Masoko una nguvu zake, unabadilika bila kumuuliza mtu.

Mtoto wa Masoko (#32)

Sikatai. Lakini mikoko inaweza kupandwa, mkondo hauwezi kuhamishwa. Kosa la wengi ni kupanda mkoko wenyewe mbele kabisa, wimbi linaondoka nao wiki hiyohiyo. Mbele panafaa mlilana, aina nyingine ya mikoko, unastahimili wimbi na kufunikwa na maji muda mrefu. Nyuma yake mkoko, na mchu, aina ya tatu, pale penye mchanga wa juu.

Fundi Mwiko (#33)

Na wanaoweka vikapu vya waya vilivyojazwa mawe wazingatie haya: jiwe liwe kubwa kuliko tundu la wavu, chini kutandikwe kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, la sivyo bahari inanyonya mchanga kupitia kwenye mawe na kikapu kinazama. Ncha za ukuta zikunjwe kuingia nchi kavu. Zikiachwa wazi, maji yanazunguka kwenye ncha na kuchimba nyuma. Waya wa kawaida unaliwa na kutu upesi kwenye maji ya chumvi.

Kobwe (#34)

Nimeshawishika kwenda. Mpango wa safari kutoka Dar?

Mtoto wa Masoko (#35)

Mabasi ya kusini yanaanzia Mbagala. Ni kama kilomita 300, unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, unafika Nangurukuru, barabara ya Lindi inaendelea na wewe unakata kushoto kwenda Masoko. Kibali unachukua Masoko kabla ya kupanda boti; wasimamizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mlango wa bahari ni kama kilomita mbili.

Muhimu ni siku. Nenda bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo na siku moja mbili baada yake. Siku hizo maji yanajaa karibu saa kumi na kutoka karibu saa nne asubuhi, na yanatoka mbali kabisa. Ukiwa ufukweni saa tatu na nusu una muda wa kutosha kuona mguu wa ukuta wa upande wa bahari ukiwa mkavu. Siku za maji mafu, yasipotoka mbali, hutaona kitu.

Bint Mgulani (#36)

Kobwe, ukifika usichokonoe wala kuokota hata kigae kimoja. Piga picha mahali minara inapokutana na ukuta, kutoka chini kwenda juu, uweke rula au kalamu pembeni ili tujue vipimo. Tafuta ule mshono alioueleza Mwiko. Kama mnara unaegemea ukuta, mnara ni mdogo, na Nahodha anapata nguvu. Kama mawe yanaingiliana, Mchu wa Kigamboni itabidi aeleze upya.

Mchu wa Kigamboni (#37)

Nitaeleza. Lakini hata yakiingiliana bado haitajulikana vimejengwa pamoja mwaka gani, 1505 au 1800.

Fundi Mwiko (#38)

Kweli. Kwa hiyo Kobwe, piga na picha za mawe ya nakshi yaliyogeuziwa ndani, hasa upande ulioanguka, maana pale moyo wa ukuta uko wazi. Weka namba kwenye kila picha na uandike umesimama upande gani. Bamvua ijayo ni mwezi mpevu.